Gari inalala kwenye kona, nikate springi?

Mwezi huu maswali mengi ni ya chini ya gari, shokapu, springi, stabilaiza (ile nondo ya kupunguza gari kulala), si unajua mvua zikishachimba barabara za mitaani ndo kila mtu anaanza kusikia kelele ambazo zilikuwepo siku zote. Nimechukua manne. La kwanza naliandikia kirefu maana nusu ya meseji zilizokuja zinauliza kitu kile kile kwa maneno mengine.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina IST ya 2004 yenye injini ya 1NZ, kila siku natoka Goba napita Makongo naenda Posta, na wikiendi mara moja moja naenda Bagamoyo. Injini haina shida kabisa ila kwenye kona gari inalala sana, nikizunguka kipilefti na spidi kidogo tu wife anashika mlango, na nikivuka tuta nyuma inadunda mara mbili tatu ndo inatulia. Rafiki yangu kasema nikate springi koili moja moja gari ikae chini itashika barabara, fundi wa mtaani anasema nitafute koilova (shokapu na springi za pamoja zinazorekebishika kimo) za mtumba Gerezani, mwingine anasema weka rimu 17 basi umemaliza. Nina milioni na nusu hivi na gari ni hii hii ndo inapeleka watoto shule. Nianze na lipi? (Msomaji, Goba)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Springi usikate, rimu 17 subiri, na koilova za mtumba waachie wenye gari ya pili nyumbani.

Tuanze na hilo ulilolitaja kama la pembeni, la nyuma kudunda mara mbili tatu baada ya tuta. Springi kazi yake ni kubeba gari, shokapu kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza ikishabonyea. Gari ikidunda zaidi ya mara moja na kitu hapo shokapu zimekufa, hata kama hazijavuja mafuta hata tone. Gari yako ina zaidi ya miaka ishirini na kwa uzoefu wangu wa hizi IST zinazoingia gereji, raba nyingi za chini bado ni zile zile zilizotoka nazo Japani. Kwa hiyo kabla hujaiongezea kitu irudishie kwanza kile ilichonacho, na naamini baada ya hapo nusu ya hayo malalamiko yako utakuwa umeyasahau.

Sasa hii ya kulala. Watu wengi wanaamini gari inayolala ndo isiyoshika barabara, na isiyolala ndo inayoshika. Sio hivyo. Ukikata kona uzito unahama kutoka tairi za ndani kwenda za nje, na kiasi kinachohama kinategemea uzito wa gari umekaa juu kiasi gani, tairi ya kulia na ya kushoto zimeachana kiasi gani, na kona umeiingia kwa ukali gani. Ugumu wa springi karibu haugusi hicho kiasi, unachobadilisha ni bodi ilale sana au kidogo. Kinachoshika barabara ni raba ya tairi ikiwa imekandamizwa kwenye lami muda wote, na lami yetu unaijua, ina viraka, ina mabonde ya malori, ina rasta. Chukua mfano wa rasta zilizowekwa karibu na kona, gari iliyokazwa kupita kiasi ikipita pale tairi zinaruka, na tairi ikiwa hewani haishiki chochote, utaona pua inajisogeza yenyewe kwenda nje ya kona wakati usukani hujaugusa. Gari laini yenye shokapu nzima inapita hapo hapo imetulia. Ndo maana mi nasema kwa gari ya kila siku Dar unataka shokapu imara na springi ya kawaida, sio kinyume chake.

Hela yako ianze kwenye tairi. Sijali shokapu utakayoweka ni ya bei gani, kama tairi ni za mtumba zimekauka hakuna utakachosikia. Angalia ubavuni kuna namba nne mwisho wa maandishi ya DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yani 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na mifereji ya kina kirefu kabisa lakini raba imeshakuwa ngumu, kwenye mvua ya kwanza ya vuli, ile inayochanganya vumbi na mafuta barabarani, inateleza tu. Alafu upepo. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna stika inasema kiasi, mara nyingi kwa kPa, kama imeandikwa 230 hiyo ni psi 33 hivi, na inapimwa tairi zikiwa za baridi asubuhi sio umetoka Posta na foleni yote ile. Vijana wa upepo wengi wanapenda kukujazia mpaka 40 gari iwe nyepesi, inakuwa nyepesi kweli, na ndo inarukaruka.

Baada ya tairi ni bushi (raba za kwenye maungio ya chini) na boljointi (kiungo kinachoiwezesha tairi kugeuka), na hapa simama mwenyewe gereji uangalie kwa macho yako. Mwambie fundi anyanyue mbele aweke stendi, sio jeki peke yake, achukue mtaimbo mdogo apenyeze kati ya wishboni (ule mkono wa chini unaoshika tairi) na pale iliposhikwa na bolti, asukume taratibu. Bushi nzima inasogea kidogo inarudi. Iliyokufa utaona chuma kinatembea ndani ya raba na raba yenyewe imepasuka mduara mzima. Hiyo ndo inayofanya ukikanyaga breki gari ivute upande na kwenye kona usukani uchelewe kuitika, kwa sababu tairi inabadilisha uelekeo kabla wewe hujaamua. Boljointi nayo ashike tairi juu na chini atikise, ikigonga haina mjadala, itoke siku hiyo hiyo, maana ikichomoka tairi inalala chini barabarani na hilo halichagui uko Makongo au uko njia ya Bagamoyo. Linki za stabilaiza ni vitu vya bei ndogo na ndo zinagonga kwa kelele kuliko vyote, badilisha zote mbili.

Kitu kimoja ambacho mafundi wengi hawakifanyi mpaka uwasimamie. Bolti za bushi za wishboni zisikazwe mwisho wakati tairi zinaning'inia. Raba ya bushi imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, ukikaza ikiwa inaning'inia alafu ukateremsha gari, ile raba inaishi imejipinda muda wote hata gari ikiwa imepaki, inapasuka mapema, alafu unasema bushi ni feki. Zishikizwe tu, gari iteremshwe ikae kwa uzito wake au fundi ainyanyue wishboni kwa jeki mpaka kimo chake cha kawaida, ndo akaze. Ni dakika chache tu lakini akikataa hamisha gari.

Shokapu sasa. Nunua mpya, zote nne kama hela inaruhusu, kama hairuhusi anza na za nyuma maana ndo zimekufa zaidi. Kayaba wana Excel-G ambayo imetengenezwa kurudisha gari kwenye hali yake ya kiwandani, na wana New SR Special ambayo ni ngumu kidogo kuliko hiyo, inaingia kwenye springi yako ile ile. Kwa wewe unayelalamika gari inalala ningekwambia New SR kama utaipata ya kweli, na hapo kwenye ya kweli ndo kazi ilipo, Kariakoo yote ina maboksi mekundu. Nenda na namba ya chesisi. IST ya 1NZ ya kawaida ni NCP61, ya fo wili ni NCP65, ya injini ndogo ni NCP60, usikubali maneno ya "zote zinaingiliana bosi" mpaka namba iliyopigwa kwenye chuma cha shokapu ilingane na ya kwenye katalogi. Kabla hazijafungwa zisimamishwe wima zibonyezwe mpaka mwisho na kuachiwa mara kadhaa, hewa iliyoingia pasipotakiwa wakati zimelazwa dukani itoke. Na mauntingi za juu za mbele na beringi zake zibadilishwe hapo hapo, springi ikishafunguliwa nusu ya kazi imeisha, kurudi tena baada ya miezi ni kulipa ufundi mara mbili.

Za mtumba kutoka Japani sikukatazi kwa kila kitu, kuna vitu vingi vya Gerezani ni bora kuliko vipya vya bei chee, lakini shokapu ni kitu kinachoisha kwa kutumika na ile ya mtumba imetoka kwenye gari ya umri kama wa hiyo yako.

Ukimaliza hayo wili alaimenti, na uombe karatasi ya kabla na baada. Kwa mbele IST yako kutoka kiwandani inarekebishwa tou tu, yani tairi mbili zinavyoelekeana zikitazamwa kutoka juu. Kemba, yani tairi inavyoinama kwa juu kwenda ndani au nje, haina pa kurekebishia mpaka uweke bolti maalumu nyembamba kwenye shokapu, kwa hiyo mtu akikwambia amerekebisha kemba muulize amefungua bolti ipi.

Sasa turudi kwenye kukata springi. Springi ikipunguzwa koili inakuwa fupi na wakati huo huo inakuwa ngumu, sawa, hicho ndo rafiki yako anachokisikia. Lakini shokapu ni ile ile ya springi ya zamani kwa hiyo haiwezi kuizuia, na safari ya kubonyea imepungua kwa hiyo kila tuta gari inakaa kwenye stopa, ile raba ya mwisho, na ikishagusa stopa ni kama huna springi kabisa. Ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kibakuli chake, tairi ikining'inia springi inalegea na inaweza kujihamisha. Wakikata kwa gesi ndo balaa, moto unaua ugumu wa chuma pale karibu na palipokatwa. Halafu IST mbele ina mfumo wa MacPherson (shokapu na springi ziko kwenye nguzo moja, chini kuna wishboni moja), ukiishusha wishboni inainamia upande mbaya na kile kituo ambacho bodi inazungukia wakati wa kulala kinashuka kuliko gari yenyewe ilivyoshuka, unakuta gari iko chini na bado inataka kulala. Umelipa ili iwe mbaya zaidi.

Rimu 17 hesabu yake ni hii. Kama una 185/65R15, ubavu wa tairi una milimita 120 (asilimia 65 ya upana wa 185). Ukiweka 205/45R17 kipenyo chote kinakaribiana lakini ubavu unabaki milimita 92, na huo ubavu ndo unakula mashimo kabla ya rimu. Usukani utaitika haraka, sikatai, lakini mara nyingi rimu na tairi vinakuwa vizito na uzito ambao haubebwi na springi, kama rimu na tairi, ndo mgumu kuutuliza. Ukitaka muonekano na usukani mkali kidogo weka 195/55R16, kipenyo kinalingana karibu kabisa na cha sasa na ubavu unabaki milimita 107.

Baada ya yote hayo, kama hela imebaki na bado unataka zaidi, tafuta stabilaiza ya nyuma inayofungwa kwenye ile bimu inayounganisha tairi mbili za nyuma. Gari za kuvuta mbele kwenye kona kali pua inataka kwenda nje, ukiongeza ugumu nyuma tairi za nyuma zinabeba sehemu kubwa zaidi ya ule uzito unaohama, za mbele zinapumua, pua inaingia. Usichukue nene sana kwa sifa. Ugumu wa nondo unapanda haraka kuliko unavyofikiria, nondo ya milimita 20 ukiweka ya 22 umeongeza karibu asilimia 46, na ukizidisha nyuma inakuwa nyepesi kuteleza kwenye mvua, wakati watoto wako ndani. Kwa maoni yangu ukifika kwenye shokapu na alaimenti utaishia hapo, na milioni na nusu yako haitakuwa imebaki sana.

SWALI: Mkuu mambo. Nina Altezza, nimefunga koilova za mtumba, gari iko chini imependeza ila tairi za mbele zinaisha ndani tu, nje bado mpya, miezi michache nimeshatupa jozi. Pia nikiwa na washikaji wanne ndani njia ya Kinyerezi inagonga kama inapasuka. Fundi anasema ni kawaida ya gari ikishushwa. (Kinyerezi)

JIBU: Poa mkuu. Sio kawaida, ni gari ambayo haijamaliziwa kufungwa. Altezza ina wishboni mbili mbili mbele na nyuma, ni saspensheni nzuri kuliko za gari nyingi tunazoendesha hapa, na inasikitisha kidogo kuiona inaburuzwa kwenye stopa ili ipendeze pale Coco Beach jioni.

Ukiishusha, tairi zinainamia ndani kwa juu, hiyo ni kemba, na kemba peke yake inakula ndani lakini polepole. Kinachokula jozi kwa miezi michache ni tou iliyoharibika wakati wa kushusha na hakuna aliyeirudisha. Pitisha kiganja kwenye raba kutoka ndani kwenda nje alafu rudi, ukisikia upande mmoja laini na mwingine unakwaruza hiyo ni tou bila ubishi. Altezza ina pa kurekebishia mbele na nyuma, tafuta mtu wa alaimenti asiyegusa mbele tu.

Kugonga ukiwa na watu, jipime mwenyewe. Nyanyua ile raba ya kuzuia vumbi kwenye koilova, funga zipu tai ndogo kwenye nondo ya shokapu karibu kabisa na mwili wake, rudishia, alafu piga njia yako ya kila siku na washikaji wako wote. Ukirudi angalia zipu tai imesukumwa mpaka wapi. Ikiwa imegota kwenye stopa umepata jibu lako na sio la maneno. Ipandishe. Kama ni aina yenye kitako cha chini kinachozunguka pandishia huko chini ili safari ya shokapu isipungue, usikaze springi tu kutoka juu. Kama nyuzi zimeshika kutu mpaka hazizunguki, na kwa hewa ya chumvi ya huku hilo ni jambo la kawaida, basi hizo koilova ni urefu mmoja tu maisha yake yote, ziuze kwa mwenye kuzipenda hivyo zilivyo. Na kama una bima kubwa waambie kampuni umebadilisha saspensheni, wasije kulijua siku ya ajali.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Madale, nina Spacio. Barabara ya kwetu ni mbovu nikawekewa raba katikati ya springi ili gari inyanyuke, imenyanyuka kweli lakini sasa inarukaruka na nikiwa spidi ya 80 barabara ya Bagamoyo upepo wa lori ukinipitia gari inayumba. Nitoe? (Mama wawili)

JIBU: Salama dada, pole na barabara. Ndiyo, toa. Ile raba inazizuia koili mbili tatu zisifanye kazi, kwa hiyo springi inabaki na koili chache, inakuwa ngumu, na mzigo wote unaenda kwenye hizo zilizobaki, ambazo ndo huvunjika. Shokapu yako haijatengenezwa kwa ugumu huo ndo maana inaruka. Na gari ikipanda juu uzito unakaa juu zaidi, na ile nilomwambia msomaji wa Goba kuhusu uzito kuhama inakuwa mbaya upande wako.

Kabla hujaamua kunyanyua tena hebu wapime springi zako zilizopo, springi ya zamani hulala, na ukikuta gari imeshuka vidole viwili kuliko Spacio ya jirani basi springi mpya za kimo cha kiwandani zitakurudishia sehemu kubwa ya ulichokuwa unakitafuta. Ukilazimika kuongeza, spesa ya juu ya mauntingi isiyozidi sentimita mbili ni afadhali kuliko raba, ila baada yake alaimenti lazima, na mwambie fundi aangalie pembe ya driveshafti (ile nondo inayozungusha tairi) na zile raba zake za grisi kila sevisi kwa sababu zitakuwa zimepinda zaidi. Kuyumba na lori huenda pia kuna bushi za nyuma, aangalie hapo hapo.

SWALI: Shokapu moja tu ya mbele kulia imevuja, nibadilishe hiyo moja? (Tabata)

JIBU: Hapana, badilisha mbili za mbele kwa pamoja. Mpya na ya zamani kwenye eksili moja zinazuia kwa nguvu tofauti, ukifunga breki ghafla kwenye mabonde gari itataka kwenda upande. Za nyuma zinaweza kusubiri kama hazidundi.